"Mlima hauji kwako": je, mstari huu wa baba unadanganya?

#1 Neema_Himbi

Jambo wote. Nina swali kwa wanaojua mashairi, na pia kwa wanaoijua Goma.

Baba yetu alifundisha Kiswahili sekondari hapa mjini miaka mingi. Ametutoka. Alituachia madaftari manne, na moja ni la mashairi. Hili la chini aliwaghania wanafunzi wake kila mwaka matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yalipotoka, watoto wakiwa bado weupe kwa poda waliyomwagiwa kichwani. Sisi nyumbani tulilijua kabla ya kujua kuhesabu.

Sasa mdogo wangu amemaliza chuo. Jumamosi kuna sherehe ndogo nyumbani na mama anataka yeye ndiye alighani. Amekataa. Anasema shairi ni tamu ila kituo chake, ule mstari unaofunga kila ubeti, ni uongo, na hawezi kusimama kusema uongo mbele ya watu waliolala nje Sake mwaka 2021. Tumegombana hadi mama akalia.

Amka na ujipinde, jua liko mbele yako
Maneno yasikuvunde, ya jirani na mwenzako
Kitu kidogo kiunde, kwa hii mikono yako
Panda mwanangu upande, mlima hauji kwako

Tazama chukudu hiyo, imebeba magunia
Goti lachubuka ndiyo, lakini haijatua
Yapanda kwa wake moyo, mvua ikinyeshea
Panda mwanangu upande, mlima hauji kwako

Tamaa si dhambi mwana, ikiwa imepimika
Jembe likilala jana, leo njaa itafika
Mbegu haioti tena, mkono ukikunjika
Panda mwanangu upande, mlima hauji kwako

Nimefika kaditama, kalamu yangu mezani
Ukifika juu tazama, wenzako walio chini
Uwape mkono hima, wasibakie njiani
Panda mwanangu upande, mlima si wa mmoja

Mlima hauji kwako. Hapa Goma? Volkano yetu, Nyiragongo, ilikuja tarehe 17 Januari 2002 ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Ikateremka tena jioni ya 22 Mei 2021. Baba aliyaona ya 2002 kwa macho yake. Kwa nini basi aliandika hivyo? Nisaidieni nipate la kumwambia huyu kijana.

#2 Mwalimu_Kadutu

Pole kwa baba, Dada Neema. Tuanze na umbo, maana mara nyingi umbo ndilo linalotoa siri.

Hii ni tarbia: beti nne, kila ubeti mishororo minne, kila mshororo vipande viwili, ukwapi na utao. Mizani nane kwa nane, jumla kumi na sita. Vina vinabadilika toka ubeti hadi ubeti, kwa hiyo kwa vina ni ukaraguni. Nimeihesabu kwa vidole na imekaa, isipokuwa mahali pamoja nitakaporudia.

Sasa angalieni ubeti wa kwanza. Ukwapi wote unaishia -nde, utao wote unaishia -ko, hadi kituo chenyewe. Katika beti mbili zinazofuata kituo kinabaki vilevile ingawa vina vya juu yake vimehama. Maana yake kituo kilizaliwa pamoja na ubeti wa kwanza. Mzee alihitaji neno la kufunga kwa -ko, akapata "kwako". Mimi sioni fumbo la volkano hapo. Ni kina kilichomwongoza, kama kinavyotuongoza sote.

#3 Kalamu_ya_Bagira

Mwalimu, kwa heshima yako, siafiki. Mtu anayeweza kupanga "ujipinde, yasikuvunde, kiunde, upande" bila kujikwaa hashikwi mateka na -ko. Angeweza kusema "mlima ni haki yako": m-li-ma-ni-ha-ki-ya-ko, nane kamili, na kina kipo. Aliyaacha hayo akachagua "hauji". Aliyechagua ana sababu.

#4 Birere_Mtoto

"Yasikuvunde" ni Kiswahili gani? Si "yasikuvunje"?

#5 Mwalimu_Kadutu

@Birere_Mtoto ni kwa ajili ya kina, lakini hakulibuni. Lahaja za kaskazini mwa pwani husema "nd" pale sisi tunaposema "nj": njia wao ni ndia. Hata methali tunayo: mvunda nchi ni mwananchi. Mshairi wa bara akiazima neno la Lamu ili vina vikae, huo ni uhuru wa kishairi unaokubalika. Hali kadhalika "kwa wake moyo" katika ubeti wa pili. Kwa kawaida ni "kwa moyo wake", ila amepindua ili -yo ije mwisho. Tunaita kuboronga sarufi, na jina linatisha kuliko jambo lenyewe.

#6 Chukudu_Ndosho

Mimi si mtu wa vina. Nimesukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, miaka kumi na moja, Kibumba hadi Goma, mashu (kabichi), viazi, makala (mkaa). Nataka kurekebisha ubeti wa pili kwa sababu watu wataghani kitu kisichokuwepo.

Goti halichubuki ukipanda. Ukipanda unashuka chini, unaishika usukani kwa mkono mmoja, bega au mkono wa pili unausukuma mzigo, na goti halina kazi kabisa. Goti linafanya kazi kwenye tambarare na mteremko: unaliweka juu ya ubao, kwenye kipande cha kandambili kilichopigiliwa misumari, mguu mwingine unapiga chini. Hapo ndipo ngozi inatoka kama kandambili imeisha. Halafu Kibumba iko juu, Goma iko chini. Mzigo unateremka! Kupanda tunapanda na chukudu tupu, saa kumi za usiku, wakati wengine wamelala.

Kwa hiyo ile chukudu ya mzee, yenye magunia na goti na mlima na mvua, sijawahi kuiona. Ila nasema hivi bila dharau. Kuwekwa ndani ya shairi ni heshima kubwa. Sanamu yetu ya dhahabu iko pale mzunguko wa Chukudu, lakini sanamu haisemi kitu.

#7 Kamalondo_Fils

Aksanti Mukubwa wa Ndosho. Mi minasoma hii uzi toka Lubumbashi na minafurahi sana. Ju ya kusema kweli, huku kwetu hatuna mlima. Tuko na terili, ile kichuguu kikubwa cheusi cha mabaki ya shaba, pale pembeni ya bomba la moshi. Mtoto wa Lubumbashi akisikia "panda mlima" anaona terili. Na ile mlima haikuumbwa na Mungu, ni mababu zetu njo walibeba, toka mji uanze 1910. Basi kwetu mlima ulikuja. Ulikuja ndoo kwa ndoo.

#8 Birere_Mtoto

Watu wa Lubumbashi na terili yao! Hata kwenye shairi la mlima wa moto mnataka muingize shaba 😄

#9 Kamalondo_Fils

Shaba inaingia popote, leki.

#10 Mwalimu_Kadutu

Nimeahidi kurudia ile mizani. Ubeti wa nne, mloto, yaani mshororo wa pili: "Ukifika juu tazama". U-ki-fi-ka-ju-u-ta-za-ma. Tisa. Moja imezidi. Wanafunzi wangu ningewakata alama. Angeweza kuweka "Ukifika tu tazama" na hesabu ingetimia.

#11 Kamalondo_Fils

Mwalimu, soma tena post yangu ya kwanza. Niliandika "ju ya kusema kweli". Sisi hatusemi juu, tunasema ju. Ju ya nini, ju ya meza, iko kule ju. Bukavu pia ni hivyo, Goma pia. Ghani kwa mdomo wa Kongo: u-ki-fi-ka-ju-ta-za-ma. Nane. Mzee alihesabu kwa sikio lake, na sikio lake lilikuwa la hapa.

#12 Mwalimu_Kadutu

Hii nimeipokea. Nilihesabu herufi, yeye alihesabu sauti. Na sasa nimejiuliza kuhusu "mlima" maana sisi husema "mulima". Bahati nzuri m-li-ma ni tatu, mu-li-ma ni tatu. Hapo hapotei kitu. Lakini kwenye maandishi lazima ibaki "juu". Ukiandika "ju" watu wa pwani watasema ni guni, shairi lenye kasoro ya mizani.

#13 Kalamu_ya_Bagira

Watu wa pwani waseme. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu ya 2006, hatujaazima kwa mtu.

#14 Mama_Mashu_Kibumba

Habari zenu wanangu. Namshukuru huyo kijana wa chukudu, huenda aliwahi kubeba mashu yangu.

Mnabishana juu ya kupanda kama vile kupanda ni kwa miguu tu. Mimi nimepanda maisha yangu yote na sijawahi kufika kileleni kwa Nyiragongo. Nimepanda mashu, viazi, vitunguu, maharagwe. Someni ubeti wa tatu: kuna jembe, kuna njaa, kuna mbegu isiyoota, kuna mkono uliokunjika. Mtu aliyetoka kusema mbegu, akasema mara moja "panda mwanangu upande", anamwambia mtoto atie mbegu! Kama angetaka miguu peke yake asingeleta jembe.

Na huo udongo mweusi unaotulisha ulitoka wapi? Ulitoka mlimani. Moto wa zamani sana umepoa, umevunjika, umekuwa shamba. Mwalimu yule alijua. Mlima hauji kwako maana yake usikae ukisubiri udongo uje mlangoni kwako. Nenda kaulime pale ulipo. Tumekimbia Kibumba mara ngapi kwa ajili ya vita, na kila tukirudi tunachukua jembe kwanza kabla ya kutafuta sufuria.

#15 Chukudu_Ndosho

Mama shikamoo. Ni mimi au ni wenzangu, sote watoto wako.

#16 Nyawera_Juriste

Wazo la Mama ni zuri na nimelipenda, ila lina kasoro. Kama "panda" ni mbegu, ubeti wa pili unaenda wapi? Chukudu haipandi mbegu. Na ubeti wa nne unasema "ukifika juu". Hakuna anayefika juu ya mashu. Nafikiri neno lina maana mbili ndiyo, lakini kubwa ni ile ya miguu, ya mbegu imepita tu kama kivuli.

#17 Mama_Mashu_Kibumba

Anayepanda mlimani hupanda mlimani, mwanangu. Mashamba yetu yako kwenye mteremko. Asubuhi napanda ili nikapande. Vitu viwili hivyo ni safari moja.

#18 Kalamu_ya_Bagira

Mama amefunga mjadala kwa sentensi moja 👏🏾

#19 Nyawera_Juriste

Haujafungwa. Mimi nina tatizo zaidi na "tamaa". Mzee anataka kusema ile hali ya kijana kutaka makubwa, kile ambacho kwa Kifaransa tunaita ambition. Lakini Kiswahili kinaitazama tamaa kwa jicho baya: tamaa mbele, mauti nyuma. Mtaka yote hukosa yote. Ningekuwa yeye ningesema ari, au azma, au nia. Penye nia pana njia, hakuna anayelalamika.

#20 Mwalimu_Kadutu

Ndiyo maana ameanza kwa kukanusha: "Tamaa si dhambi mwana". Anajua neno limebeba mzigo, analichukua hivyo hivyo lilivyo chafu na kuliosha mbele ya watoto. Kisha anaweka sharti: "ikiwa imepimika". Neno la utao ndilo zito. Tamaa yenye kipimo. Angesema "Ari si dhambi" ingekuwa sentensi isiyo na kazi, kwani nani aliwahi kusema ari ni dhambi? Na pia ta-ma-a ni mizani tatu, a-ri ni mbili, lakini hilo si la msingi.

#21 Mukreseri_Kolwezi

Mimi nimekuwa nikisoma kimya. Ile tamaa imepimika na nani? Hapo ndipo napaona pagumu.

Nilitoka Lubumbashi nikiwa na miaka kumi na tisa, nikaenda Kolwezi kuchimba. Baba hakutaka. Nilikuwa na hesabu yangu: miezi sita, nanunua pikipiki, narudi. Kwenye machimbo mtu anayetaka kupanda anashuka. Mnaingia shimoni kwa kamba, mmoja baada ya mwingine, tochi imefungwa kichwani kwa mpira, na kila mita unayoteremka unajiambia pikipiki inakaribia. Mwezi wa nne pembeni ya shimo letu paliporomoka. Wawili hawakutoka. Mmoja wao alikuwa ananidai mkate. Mpaka leo nikinunua mkate nakumbuka ninadaiwa.

Nani angenipimia tamaa ile? Nilidhani imepimika, miezi sita ni kipimo. Shairi linasema kweli, lakini halimwambii mtoto anashikaje hiyo mizani mkononi.

#22 Mama_Mashu_Kibumba

Pole baba. Mungu amekuacha kwa kazi.

#23 Kamalondo_Fils

Pole sana yaya. Ubeti wa nne usome wewe, ju wewe njo unajua maana ya "wasibakie njiani".

#24 Himbi_Sauti

Niseme la moyoni hata kama litawaudhi. Mashairi ya namna hii yananichosha. Kijana wa Goma anaambiwa amka, jipinde, panda. Ameshaamka! Vita ilipoingia mjini Januari 2025 benki zilifunga, ndege zikaacha kutua, watu wenye diploma wakaanza kuuza mkopo wa simu barabarani. Wote hao walijipinda. Ukimwambia "mlima hauji kwako" unamwambia kosa ni lake. Mdogo wake Neema ana haki kukataa. Si kwa sababu ya volkano tu. Ni kwa sababu kituo kinamwachia mtoto peke yake mzigo ambao si wa mtoto.

#25 Chukudu_Ndosho

Nimekuelewa Himbi_Sauti, na sehemu kubwa ni kweli. Lakini mimi ni huyo kijana unayemsemea. Nikiamka saa kumi sihitaji mtu aniambie nani ana kosa, nahitaji neno la kunyanyua mguu. Tunaimba tukipanda, unajua? Mtu hawezi kusukuma mbao zile kwa mjadala.

#26 Kalamu_ya_Bagira

Nimelala nalo usiku kucha, naomba mnisikilize kidogo.

Tumesoma "hauji" tukakimbilia 2002. Tazameni neno lililofuata: kwako. Mlima haujawahi kuja *kwako*. Ulikuja *kwetu*. Mwaka 2002 lava haikuchagua nyumba ya mvivu ikaiacha ya mchapakazi, iliteketeza mtaa. Balaa huja kwa wengi. Mafanikio ndiyo hayaji kwa mmoja mmoja bila yeye kunyanyuka. Kisarufi pia "hauji" ni mazoea, si tukio. Ukisema "mvua hainyeshi Julai", mvua moja ya Julai haikufanyi mwongo.

Na sasa mstari wa mwisho kabisa: "mlima si wa mmoja". Kutoka kwako hadi si wa mmoja. Beti tatu anamsimamisha mtoto peke yake, ubeti wa nne anamrudishia watu wake. Hili ndilo jibu kwa Himbi_Sauti: mzee hakumwachia mtoto mzigo.

#27 Mwalimu_Kadutu

Umbo linakuunga mkono. Kituo kikirudiwa bila kubadilika tunakiita kibwagizo. Kikibadilika ni kiishio. Hapa tuna kibwagizo mara tatu, kisha mshairi anakivunja mwishoni na kina cha -ko kinakufa. "Mmoja" haina mwenzake popote kwenye shairi zima. Sikio linangoja "kwako" linapewa "mmoja". Kwa mtunzi makini hiyo si ajali.

Au ni ajali. Dada Neema, je, ni mkono wake ulioandika ubeti wa nne? Maana mashairi ya kughani hubadilishwa na wanaoyanakili.

#28 Himbi_Sauti

Kwako dhidi ya kwetu... imenigusa. Lakini bado nasema: ubeti mmoja kati ya minne. Watoto hukariri kile kinachorudiwa mara tatu.

#29 Birere_Mtoto

Kuna methali pia, milima haikutani, binadamu hukutana. Labda mzee alianzia hapo? Mlima haukutani na mlima, wala hauji kwa mtu.

#30 Neema_Himbi

Nimesoma yote. Niwajibu kwa mpangilio wa moyo, si wa namba.

Mama anasema ile Alhamisi ya 2002 baba alitoka nyumbani na beseni la kufulia kichwani. Ndani mlikuwa na madaftari, sufuria moja na viatu vyangu. Nilikuwa na miaka mitano. Tulitembea hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, na watu wengine wengi sana, mbingu nyekundu nyuma yetu. Tuliporudi, nyumba haikuwepo. Palikuwa na mwamba mweusi, umefura kama mkate, bado ulikuwa wa moto. Mvua ilipogusa ulitoa mvuke. Mama alitia mguu na soli ya kiatu ikalegea.

Baada ya miezi baba na majirani walivunja mwamba ule kwa nyundo, wakajenga juu yake. Ukuta wetu ni wa mawe yale. Yaani sebule ninapoandikia sasa, nikigusa ukuta, nagusa kile kilichokuja. Niliwahi kuchuna goti pale nikiwa mdogo, mawe yana meno.

@Mwalimu_Kadutu, jana usiku nimetoa daftari. Juu ya jalada ameandika mwaka wa masomo 2003-2004, kwa hiyo ni baada. Ubeti wa nne ni mkono wake. Na kuna kitu sikuwahi kukiona, ju tulilijua kwa mdomo hatukusoma. Kituo cha mwisho kimeandikwa mara mbili. Cha kwanza kimekatwa kwa mstari mmoja, lakini kinasomeka:

Panda mwanangu upande, mlima ulitujia

Chini yake, kwa kalamu ya rangi nyingine: mlima si wa mmoja.

#31 Kalamu_ya_Bagira

U-li-TU-jia! Mnaona? Tu!

#32 Mwalimu_Kadutu

M-li-ma-u-li-tu-ji-a. Nane. Haukukatwa kwa sababu ya mizani. Na vina havikuwa sababu pia, kwani "ulitujia" na "mmoja" vyote havifuati -ko. Basi ile nadharia yangu ya post #2, kwamba kina ndicho kilichomwongoza, kwa mstari huu imeanguka. Kwa ubeti wa kwanza bado naishikilia.

#33 Nyawera_Juriste

Polepole jamani. Mstari uliokatwa ni mstari uliokataliwa. Hatuwezi kumsomea marehemu kile alichofuta. Alijaribu kuingiza 2002, akaona hapana, shairi hili si la volkano, ni la watoto wa mtihani. Akaiondoa. Mimi ushahidi huu unanipeleka kinyume na Kalamu.

#34 Mama_Mashu_Kibumba

Au aliogopa kuwatia watoto hofu. Watoto wa 2004 walikuwa bado wanaota moto. Mwalimu mzuri hamkumbushi mtoto kidonda siku ya poda. Akaliweka lile neno chini ya lingine, kama unavyofukia mbegu.

#35 Chukudu_Ndosho

Kalamu ya rangi nyingine inamaanisha siku nyingine. Huenda alighani ule wa kwanza mara moja, akaona nyuso za watu, akarudi kukata. Mama yako hakumbuki?

#36 Neema_Himbi

Nimemuuliza asubuhi hii akichambua sombe (majani ya muhogo). Anasema hakumbuki mstari mwingine. Anachokumbuka ni kwamba kwenye kituo baba alikuwa akinyoosha mkono kupitia mlangoni, upande wa kaskazini, pale ambapo usiku ukiwa safi unaona wekundu juu ya kreta. Mara tatu alinyoosha mkono kule. Mara ya nne aliugeuza kiganja akatuonyesha sisi tulioketi.

Halafu mama akasema: "Hauji kwako, alikuwa ananiambia mimi. Mimi ndiye nilitaka tuhamie Bukavu." Sikujua. Miaka yote hiyo sikujua walibishana juu ya kuhama.

#37 Mukreseri_Kolwezi

Hiyo nayo ni maana nyingine kabisa. Shairi la mume kwa mke.

#38 Kamalondo_Fils

"Mwanangu" lakini? Mume anamwita mke mwanangu?

#39 Mama_Mashu_Kibumba

Anasema na mtoto ili mama asikie. Hiyo iko katika kila nyumba.

#40 Himbi_Sauti

Dada Neema, nilisema kwa ukali kule juu, samahani. Si kwamba nimebadilisha wazo. Ila ile post yako ya beseni nimemsomea mke wangu.

#41 Pacifique_MdogoWake

Jambo. Mimi ndiye mdogo mwenyewe, dada amenionyesha uzi.

Sikukataa kwa kumdharau baba. Mwaka 2021 nilikuwa darasa la sita sekondari. Tulikimbia kwa miguu kwenda Sake, na njiani kuna mtoto jirani alikuwa akikariri shairi hili kwa sauti ili asilie. Alipofika kwenye kituo akanyamaza, akaniuliza: "Kwa hiyo baba yenu alikosea?" Sikuwa na jibu. Ndiyo sababu.

Sasa nina majibu sita na hayapatani. Nitaghani Jumamosi. Lakini ubeti wa nne nataka niseme mstari uliokatwa, "mlima ulitujia", kisha niseme na ule wa pili chini yake. Mishororo mitano. Mwalimu, inaruhusiwa?

#42 Mwalimu_Kadutu

Ubeti wa mishororo mitano ni takhmisa, na ukiwa mmoja ndani ya tarbia, kwa sheria haukai. Sikushauri. Shairi la marehemu lisimame alivyoliacha.

#43 Kalamu_ya_Bagira

Mimi nakushauri. Vyote viwili ni mkono wake.

#44 Nyawera_Juriste

Kimoja alikikata. Naungana na Mwalimu.

#45 Chukudu_Ndosho

Kaka Pacifique, hayo ya mishororo waachie wenyewe. Ukifika "ukifika juu" usiivute, sema ju, fupi, kama tunavyosema. Ukiivuta utakosa pumzi ya kituo.

#46 Mama_Mashu_Kibumba

Neema mwanangu, mwambie mama asinunue mashu. Nitayateremsha Ijumaa jioni na chukudu ya kwanza nitakayoipata.

#47 Chukudu_Ndosho

Mama, Ijumaa niko Kibumba. Nitafute pale yanapopimwa makala.